Kuchoma Vitabu Si Kujibu

Wako watu wasemao: maandishi ya dhihaka yafungiwe tu, ndiyo ulinzi wa dini na wa nchi. Sisi twakataa, na ushahidi wetu twauchukua Uingereza ya zamani.

Tarehe 1 Juni 1599 John Whitgift, askofu mkuu wa Canterbury, na Richard Bancroft, askofu wa London, wote wa Kanisa la Kianglikana, waliamuru mashairi ya dhihaka yasichapwe tena. Siku tatu baadaye vitabu vilitiwa motoni katika nyumba ya chama cha wachapaji. Kimoja, kama wataalamu wengi waaminivyo, kilikuwa cha Thomas Middleton, kijana wa miaka 19. Je, moto ulimfunga kinywa? Hata! Akaandika michezo ya kuigiza.

Mwaka 1624 akatoa mchezo wa sataranji: kete nyeupe ni Waingereza, nyeusi ni Wahispania na Wayesuiti. Humo sisi Wakatoliki twatukanwa vibaya, wala hautuchekeshi. Lakini angalieni ulivyopata ruhusa. Henry Herbert, msimamizi wa michezo wa mfalme, kazi yake ilikuwa kusoma kila mchezo na kufuta mabaya. Huu aliusoma, akaukubali Juni 12. Kwa nini? Mpango wa kumwoza mwana wa mfalme kwa binti wa Hispania ulikuwa umekwisha vunjika, na wakubwa wengi walitaka vita. Mwaka ule kututukana kulikuwa halali!

Watu wakajaa katika Globe mara tisa, tangu Agosti 5, mpaka balozi wa Hispania akamlalamikia mfalme James. Ndipo ukafungwa. Na kosa lililotajwa? Si uongo juu ya mapadri, bali kuwaonyesha jukwaani wafalme wa Kikristo walio hai.

Basi mkasi ule ulilinda dini ya nani? Ulifuata upepo wa siasa tu. Wala mchezo haukufa: watu waliunakili kwa mkono, na mwaka 1625 ulichapwa. Matusi yale yalihitaji jibu mbele ya watu wale wale walioyacheka. Amri ya mfalme haikuwajibu neno.

Na Joseph Hall, ambaye dhihaka zake zilitajwa katika amri ya 1599 kisha zikaponea motoni? Mwaka 1627 alifanywa askofu wa Exeter.