Baba Mlezi Si Kichekesho

Tarehe 14 Aprili 1980 filamu ya Kimarekani iitwayo Kramer vs. Kramer ilitunukiwa tuzo tano za Oscar. Ilihusu baba aliyeachwa na mkewe, akabaki na mtoto mdogo wa kiume. Mwezi huo huo, tarehe 30, televisheni ya NBC ilionyesha kwa mara ya mwisho mchezo wa kuchekesha uitwao Hello, Larry, ulioanza Januari 1979. Nao ulihusu baba aliyeachana na mkewe. Filamu ilisifiwa, mchezo ukadhihakiwa, hata na mchekeshaji Johnny Carson wa NBC hiyo hiyo.

Katika mchezo huo McLean Stevenson aliigiza Larry Alder, mtangazaji wa redio aliyehama Los Angeles kwenda Portland, Oregon, pamoja na binti zake wawili vijana. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wasikilizaji waliompigia simu. Lakini arudipo nyumbani, mshauri wa wengi hutatizwa na wanawe mwenyewe. Ama kweli, mganga hajigangi.

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba habari ya baba kulea watoto peke yake haina mvuto. Filamu tuliyoitaja ilithibitisha kinyume chake. Kwa maoni yetu, udhaifu ulikuwa katika utungaji: tatizo la binti lililetwa, likachekwa, likamalizwa ndani ya nusu saa, kana kwamba malezi ni kitendawili chenye jibu moja.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Tangu tarehe 1 Januari 1970 sheria ya California iliruhusu mume na mke kuachana bila kuthibitisha kosa la yeyote kati yao, na majimbo mengi yakafuata. Nyumba kama ya Larry hazikuwa tena kioja. Watoto wa nyumba hizo walistahili kumwona baba akikosea, akiomba radhi, na kesho yake akijaribu tena.

Mzaha huu una gharama. Kijana wa kiume akizoea kuona baba anachekwa kwa sababu tu anapika na kuuguza, atajifunza kwamba kulea si kazi yake. Naye baba aliyeachiwa watoto ataona haya kuomba msaada, na watakaoumia ni watoto.

Kwa hiyo twawasihi watungaji wa michezo ya redio na televisheni: chekeni kiburi cha baba, chekeni ukaidi wake, lakini malezi yake yapeni heshima.