Mpiga Upinde Asifukuzwe Mezani

Naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililowagawanya watu wa chama chetu cha mchezo muhula huu mzima. Wenzangu watatu wameleta shauri kwamba tangu sasa mtu yeyote asiruhusiwe kuunda mpiga upinde. Wasema mpiga upinde ni mwoga: husimama nyuma, huua kila kitu kabla wenye panga hawajafika, kisha hurudi nyumbani hana hata mkwaruzo. Kura itapigwa muhula ujao ukianza. Mimi nimecheza mpiga upinde miaka mitatu, nami nalipinga shauri hili. Walakini sitalipinga kwa kusema kwamba sina hatia, maana kisa kilicholizaa ni changu.

Wanafunzi wa zamani walioondoka kabla ya mchezo huu kufika shuleni wataniwia radhi nikiueleza kwanza. Waitwa Dungeons & Dragons, nao ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji ubao kama sataranji, wala hapana mshindi. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja ameandika katika karatasi habari za mtu wake: nguvu zake, wepesi wake, hekima yake na silaha zake. Mmoja wetu, ndiye msimamizi, husimulia nchi na mapango na mazimwi yakaayo humo, na wengine husema watu wao wafanya nini. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Dadu hiyo sisi hatuna. Tuna vikaratasi 20 ndani ya kopo la Blue Band. Mtu huchomoa kimoja, hukisoma kwa sauti, hukirudisha. Twacheza Jumamosi baada ya kufua nguo mpaka kengele ya posho na maharage.

Basi nieleze nilivyomwunda mtu wangu, maana kosa lilianzia pale. Kitabu chetu ni kile cha mwaka 2014. Humpa mchezaji namba sita azigawe apendavyo: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Nilitia 15 katika wepesi pasipo kufikiri, kwa kuwa wepesi ndio ulengao upinde. Ile 8 nikaitupa katika hekima. Kitabuni hekima ndiyo macho na masikio ya mtu, lakini nilijiambia kwamba kuona wataona wengine. Nikamfanya askari, nikachagua mtindo wa upinde, ambao huongeza 2 katika kila shabaha, na ule ustadi wa walengaji ambao wachezaji wote waujua. Jina nikamwita Podo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuandika neno hilo katika orodha ya mali yake, nami sikuwa na hamu ya kutafuta jingine.

Ustadi huo una biashara ndani yake. Kabla ya kupiga, mtu aweza kukubali kupunguza 5 katika shabaha yake ili aongeze 10 katika jeraha. Podo alipofika daraja la 5, shabaha yake ilikuwa 9, na mshale wake ulijeruhi 8 na nusu kwa wastani. Akipiga adui mwenye kinga ya 15, vikaratasi 15 katika kopo humpa ushindi. Akiifanya ile biashara, hubakiwa na 10. Ukiacha bahati ya kile kikaratasi cha 20, mishale 20 ya kawaida huleta jeraha 127 na nusu, na mishale 20 ya biashara huleta 185. Kwa adui mwenye kinga ya 22 mambo hugeuka: ni 68 kwa mishale ya kawaida, na 55 na nusu kwa biashara. Nilizijua hesabu hizi kuliko nilivyojua hesabu za mtihani. Nyuma ya daftari langu la jiografia niliandika jumla ya majeraha yote aliyoyafanya Podo, nikashindana na mwenzangu mmoja mwenye shoka.

Jumamosi moja tuliingia katika bonde jembamba lenye daraja la magogo. Mbele yetu kulikuwa na mazimwi matatu na mkuu wao aliyevaa chuma. Mimi nilisimama juu ya jiwe, futi 140 nyuma, maana upinde mrefu hupiga futi 150 pasipo kupungukiwa na shabaha, na hata futi 600 kwa taabu. Darajani alikuwa kuhani mponyaji, mtu wa mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza. Kuhani yule alikuwa ameandikiwa kurasa mbili za maisha yake, kwa wino, pamoja na majina ya dada zake. Alikuwa amekwisha kuanguka, na mara moja ameshindwa katika zile bahati tatu za kifo. Zimwi lilisimama juu yake. Msimamizi akasema waziwazi, "Zimwi hili layumba, damu yalitoka kila mahali."

Zamu ilikuwa yangu, nami nilikuwa na mishale miwili. Kinga ya zimwi ilikuwa 11 tu. Mshale wa kawaida ungelipata kwa vikaratasi 19 katika 20. Yule mdogo alinitazama. Nikaipeleka mishale yote miwili kwa mkuu aliyevaa chuma, kwa biashara, kwa kuwa zimwi lile lilikuwa limebakiwa na uhai kidogo na lisingeongeza kitu katika jumla yangu. Mmoja ulikosa. Mmoja ulipata, jeraha 21, nami nikageuza daftari nikaandika 21. Nilipoinua kichwa zimwi lilikuwa limekwisha kupiga. Pigo la karibu kwa mtu aliyelala huhesabiwa kushindwa mara mbili. Yule mdogo akakunja karatasi zake, akazitia katika daftari, akasema, "Asante, kaka," akaondoka. Hakuja tena mezani muhula ule wala uliofuata.

Hiyo ndiyo hoja ya wenzangu, nami nimeiandika yote ili mtu asiseme nimeficha. Lakini nawauliza: je, upinde ndio uliochagua? Mwenye shoka naye angaliweza kukimbilia utukufu akamwacha mwenzake, na wakati mwingine amefanya hivyo. Ati mpiga upinde ni mwoga kwa sababu husimama mbali. Katika vita vya Agincourt huko Ufaransa, mwaka 1415, wapiga upinde wa Uingereza walichomeka miti iliyochongwa mbele yao ili farasi wasiwapitie, na baadaye waliweka pinde chini wakaingia matopeni kupigana na watu wa chuma kwa panga na nyundo. Podo alikuwa na upanga mfupi kiunoni miaka yote hiyo. Siku ile hata sikukumbuka kwamba anao.

Kadhalika niseme neno juu ya wasimamizi wetu, ingawa wataninunia. Wengi wao hutupa vita katika uwanja mweupe, mchana, kisha hulalamika kwamba mpiga upinde amemaliza kazi. Ustadi ule hauzuiwi na ukuta mfupi wala na mti mwembamba, ni kweli. Lakini ukuta mzima huzuia kila mshale. Pango lina kona, na giza ni giza. Na adui akiwa ndani ya futi 5, mpiga upinde sharti achomoe vikaratasi viwili, ashike kilicho kidogo. Ni lini mara ya mwisho adui kutumwa kumkimbilia mpiga upinde?

Wala mishale haihesabiwi. Mishale 20 hununuliwa kwa dhahabu 1, na baada ya vita mtu akitafuta kwa dakika moja hurudishiwa nusu ya aliyotumia. Mtu wa daraja la 5 apigaye miwili kila zamu hutumia 10 katika zamu tano. Akianza na 20, baada ya vita vya kwanza ana 15, baada ya vya pili 10, na baada ya vya tatu 5. Kwa vita vya nne anaanza kuchagua nani apigwe. Hapo ndipo upinde unapokuwa mtamu, maana kila mshale una jina la mtu juu yake. Kwetu podo zote hazina mwisho, kama mtungi wa hadithi.

Wengine wasema tungoje tupate vitabu vipya. Ni kweli kwamba kanuni zilizotolewa mwaka 2024 zimeiondoa ile biashara ya 5 na 10 katika ustadi wa walengaji. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika siku mbili, kisha nikaona ni vema. Lakini kitabu tulicho nacho ni cha 2014, kimefungwa kwa gundi mara mbili, nacho ndicho tutakachochezea.

Podo nimemchana. Mpiga upinde nilionaye sasa ana hekima 14, naye amebeba kamba, taa na upanga unaotumika. Kabla sijamwandika nilimwuliza mzee mmoja nyumbani kwetu, aliyekuwa akiwinda zamani, habari za upinde wa kweli. Akaniambia ufunguliwe upote kila jioni, kwa kuwa mti ukilala umepindwa hupoteza nguvu. Basi mtu wangu hufungua upote kila tupigapo kambi, na mara moja tulivamiwa usiku nikapoteza zamu nzima nikiufunga. Wenzangu walicheka sana. Katika daftari la jiografia sasa mna jiografia.

Na sababu yangu kubwa ya kuomba kura ni hii. Juma lililopita yule mdogo wetu, ambaye sasa yu Kidato cha Pili, alikuja bwenini kwetu na karatasi mpya. Ameunda mpiga upinde. Nikaitazama: 15 yake ameitia katika hekima, na wepesi ameupa 14 tu. Nikamwambia kwamba mtu huyu atakosa mara nyingi kuliko Podo. Akanijibu, "Najua, kaka. Nataka aone." Shauri likipita, ataambiwa arudi na karatasi yake.

Nimebakiwa na ombi moja kwa wanafunzi wa zamani, hasa walioko Kampala au ng'ambo. Mwenye dadu ya pande 20 asiyoitumia atusaidie. Kikaratasi chetu cha 20 kimekunjika kona, na vidole vya watu fulani vimekwisha kuijua ndani ya kopo.