Simu Isituzimikie Usiku wa Haja

Mwezi huu tumeona tuache kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumze juu ya simu. Pengine mtajiuliza, wauguzi na simu wapi na wapi? Lakini sisi tunaokaa kwenye chumba cha kliniki tunajua kwamba siku hizi simu imeingia katika maandalizi ya uzazi, sawa na kanga safi, nauli na mtu wa kubaki na watoto. Tunapomuuliza mjamzito, "Uchungu ukianza usiku utampigia nani?" hujibu upesi: mume, wifi, au kijana wa bodaboda. Tukiendelea kumuuliza, "Na saa nne za usiku simu yako huwa na chaji kiasi gani?" hucheka, kisha hunyamaza.

Hapa Tanzania tunao mfumo wa M-mama, ambao serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito akipatwa na hatari, au mzazi aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga, hupigwa namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humtafuta dereva wa pale pale kijijini aliyeandikishwa kwa kazi hiyo, naye hulipwa na mfumo wenyewe. Ni msaada mkubwa kwa familia isiyo na gari wala akiba. Lakini msaada huo wote huanzia kwenye simu moja yenye uhai.

Kisa kimoja tutakisimulia kwa kifupi. Mama wa mimba ya nne, ya miezi minane, aliamka saa saba za usiku akitokwa na damu bila maumivu yoyote. Nyumbani kulikuwa na simu mbili. Ya kwake ilikuwa imezimika tangu jioni kwa sababu mtoto alikuwa akiangalia katuni. Ya baba ilizimika kabla hata mpira haujaisha. Umeme ulikuwa umekatika. Baba akatembea kwa miguu kumwamsha jirani, jirani akamwamsha mwenye pikipiki, na walipofika wodini kwetu kulikuwa kunapambazuka. Mama aliongezewa damu akapona. Mtoto tulimkosa. Hatusemi kwamba simu ingemwokoa kwa hakika, kwa kuwa damu ya namna ile ni hatari hata kwa aliye hospitalini tayari. Wala hatumlaumu mtu, maana nyumba zetu nyingi huishi hivyo hivyo. Lakini saa zile zilipotea kwa jambo linalowezekana kuzuilika, na ndiyo sababu tumeamua kuliandika.

Kitu kinachokula chaji kuliko vyote katika simu nyingi ni kioo chenyewe. Teremsha pazia la juu kwa kidole, utaona mstari wenye alama ya jua. Usogeze mpaka mwanga ukutoshe kusoma bila kukunja uso. Ndani ya nyumba usiku hata robo yatosha. Halafu ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya skrini, uweke kioo kijizime baada ya sekunde 30. Tumewakuta akina mama ambao kioo chao hukaa kimewaka dakika 10 nzima juu ya meza huku wenyewe wakisonga ugali jikoni.

Walio na umri wetu, miaka arobaini na kuendelea, wengi huongeza mwanga kwa sababu herufi hawazioni vizuri. Dawa yake ni kukuza herufi, siyo kuongeza mwanga. Ukubwa wa maandishi hubadilishwa humo humo kwenye Mipangilio, wala haugharimu chaji. (Na kama umeshaanza kusogeza simu mbali na macho ili usome ujumbe, njoo upimwe upate miwani ya kusomea. Si aibu.) Vijana nao watakwambia uweke kioo cheusi, kwamba huokoa chaji nyingi. Huokoa kwa simu zenye kioo cha OLED tu, na hata hizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba kwa mwanga wa kawaida wa ndani ya nyumba akiba yake ni asilimia 3 hadi 9. Simu nyingi za bei nafuu hazina kioo cha aina hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo lisilosemwa sana, nalo ndilo linalowasumbua hasa wenzetu wa vijijini: mtandao dhaifu. Simu iliyo mbali na mnara hufanya kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Hulazimika kupaza sauti, na sauti hiyo ni chaji. Ndiyo maana simu ile ile iliyokaa siku nzima mjini na chaji ikabaki, ukienda nayo kwa mama mkwe kijijini huzimika kabla ya jioni ingawa hukuigusa. Wengi hudhani betri imeharibika ghafula, wakatoa fedha kununua nyingine.

Simu zetu nyingi zina laini mbili. Kama mahali unapoishi laini moja haishiki, simu huendelea kuitafuta mchana kutwa na usiku kucha bila kuchoka. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mitandao na kadi za laini, uizime hiyo isiyoshika. Ukienda mjini utaiwasha tena. Papo hapo simu nyingi zina mahali pa kuchagua aina ya mtandao. Pale ambapo 4G inakuja na kupotea, usiku weka 2G. WhatsApp itakuwa kama imelala, lakini kupiga, kupokea, ujumbe mfupi, na kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli vitaendelea kama kawaida. Fanya jaribio mchana kwanza, umwombe mtu akupigie, ndipo uamini. Na kama ndani ya nyumba kuna kona moja tu inayoshika vizuri, labda karibu na dirisha, basi simu ilale kwenye kona hiyo, siyo uvunguni.

Data nayo izimwe usipoitumia. Tena kwenye WhatsApp, ukiingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, utakuta mahali pa kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Kundi moja la akina mama wa mtaa, likitumiwa video za harusi tano kwa siku, lamaliza bando na chaji pamoja, na nusu ya video hizo hazitazamwi na mtu. Ukiitaka moja utaibonyeza mwenyewe. Mahali, Bluetooth na mtetemo wa kila herufi unapoandika, zima tu.

Ukibonyeza Mipangilio kisha Betri utaona orodha ya programu na kiasi kila moja ilichokula. Isome kama unavyosoma daftari la matumizi ya nyumbani. Mara nyingi utakuta mchezo wa mtoto ndio unaoongoza. Hapo hapo pana Kiokoa Betri, ambacho hupunguza kazi zinazofanyika kichinichini. Kwa mjamzito aliyepita mwezi wa saba tungependa kijiwashe chenyewe mapema, chaji ikifika asilimia 30, au hata 50 kama simu yake inaruhusu. Ujumbe wa WhatsApp waweza kuchelewa kidogo, lakini simu ya kupigwa huingia.

Hali ya ndegeni ni jambo jingine. Ni kweli huokoa chaji sana, lakini hakuna atakayekupata, wala wewe huwezi kupokea simu ya maabara au ya mtoto aliye shule ya bweni. Ukitaka usingizi bila kelele, tumia Usinisumbue, uruhusu namba chache ziite: mume, mama mzazi, mkunga. Kwenye simu nyingi za Android unaweza pia kuruhusu mtu apitishwe akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Mwenye shida ya kweli hupiga mara ya pili.

Kuna desturi moja tunayoiona kila mahali, hata kwa wauguzi wenzetu: kufungafunga programu zote kila baada ya dakika chache, eti ziache kula chaji. Simu za leo huzilaza zenyewe. Ukiifunga WhatsApp mara 30 kwa siku, simu hulazimika kuianza upya mara 30, na hiyo ndiyo inayokula. Zile programu zinazojitangaza kwamba husafisha simu na kuongeza betri, sisi tungezifuta. Nyingi hazina kazi ila kuleta matangazo.

Betri yenyewe haina budi kutunzwa. Wengi wetu tulikua tukiona baba akianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Betri ya simu ni ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, na adui yake mkubwa ni joto. Usiiache simu dirishani penye jua, wala juu ya kabati karibu na jiko, wala usiichaji ikiwa ndani ya gamba nene huku mtoto akiichezea. Ikiwa ya moto mkononi, iache ipumue kwanza. Na yale maagizo ya zamani, kwamba simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo, au kwamba lazima chaji iishe kabisa ndipo uchaji tena, yalikuwa ya betri za nikeli. Ya lithiamu haipendi kufika sifuri. Ichaji kidogo kidogo kila unapopata umeme, ikae kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida. Lakini kama umeme una mgawo, au siku za kujifungua zimekaribia, usihesabu asilimia. Jaza mpaka 100, uchakavu kidogo wa betri si kitu mbele ya hatari ile.

Hata ukiitunza, itachoka. Betri nyingi hutegemewa kubaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake baada ya kujazwa kikamilifu kati ya mara 500 na 1,000. Ikianza kuvimba na kuinua kioo au mfuniko, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe kwenye moto wa takataka. Mpelekee fundi.

Kuchaji chini ya mto au katikati ya matandiko hatukubaliani nako hata kidogo, hasa kwenye kitanda anacholala mtoto. Joto hukosa pa kutokea. Chaja za bei ya chini sana zisizojulikana zilikotoka nazo zina hatari ya kuunguza soketi. Chomoa waya ukutani mara umalizapo, kwa kuwa watoto wanaotambaa huutia mdomoni, na mdomo una mate.

Kwa wanaochajisha simu kwenye kibanda, weka namba ya siri ya kioo, na namba ya siri ya pesa isiwe hiyo hiyo wala isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto wa kwanza. Usimwachie mwenye kibanda namba yoyote hata akisema anataka kuhakikisha simu imejaa. Nyumbani nako, kama chaja ni moja, au pawabenki ni moja, mnaanza na nani? Jambo hili lizungumzwe na baba mapema, kwa upole, kabla ya msimu wa mpira. Mwezi wa mwisho wa mimba, simu ya mama ichajiwe kwanza. Na kama mna kitochi cha zamani kabatini, msikiuze. Kikitiwa laini hukaa siku kadhaa kwa chaji moja, nacho hupiga 115 sawasawa na simu ya laki tano.

Mambo mawili yamebaki. Kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, jaza jina lako, kundi la damu, dawa unazotumia na mtu wa kupigiwa. Ukianguka njiani, mtu aweza kuyasoma kwa kubonyeza neno Dharura kwenye kioo kilichofungwa, bila namba yako ya siri. Tulishapokea wagonjwa waliozimia, simu nzima mfukoni, na hatukuwa na njia ya kumjua hata dada yao.

La pili ni karatasi. Andika nyuma ya kadi ya kliniki namba ya mume, ya jirani, ya mwenye bodaboda na ya zahanati, ili simu yako ikizimika uweze kutumia ya mtu mwingine, maana siku hizi hakuna anayekariri namba. Ongeza na 115. Andika kwa bolpeni. Penseli hufutika mkobani kabla mimba haijafika miezi tisa.