Zombe: Ufuo Usio na Bahari

Mtembezi hula miguu yake, walinena wahenga. Likizo ikikaribia, watoto wa mjini huimba wimbo mmoja tu: Mombasa! Wanataka kuchezea mchanga wa pwani. Leo, mpenzi msomaji, nakuomba ubadili njia uwapeleke Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui.

Ukiwa Kitui, pitia kwanza jiwe la Nzambani. Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka: mume huwa mke, na mke huwa mume. Hesabu vyema, baba, usije ukarudi nyumbani mama!

Sokoni Zombe utakuta mbuzi, mawele na pojo. Agiza sahani ya muthokoi, ushibe, kisha uliza njia ya kwenda mtoni.

Hapo ndipo mgeni hushangaa. Mto gani huu usio na tone? Ni mchanga mtupu, mweupe kama wa Bamburi. Lakini subiri. Mama mmoja anapiga magoti, anachimba na kuteka polepole kwa kata. Maji yanachuruzika, anajaza mitungi, punda anabeba. Kumbe mchanga ndio tangi! Mvua ya Novemba inaponyesha, maji huzama kati ya chembechembe, mahali ambapo jua haliwezi kuyanyonya. Tangu miaka ya 1990, wanakijiji wengi wa Kitui wamejenga kuta za saruji kukatiza mito kama hii ili mchanga urundikane na maji yakae miezi mingi zaidi.

Sasa, msomaji, tuulizane. Nyumba unamoishi mjini ilijengwa kwa mchanga wa wapi? Malori yamechota mchanga wa mito ya Ukambani kwa miaka mingi. Mto ukibaki mwamba mtupu, mvua hupita mbio na yule mama hutembea mbali zaidi. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga wake mwaka wa 2015.

Basi mwache mwanao achimbe mwenyewe kwa mikono yake hadi aone maji. Akirudi mjini, hataacha mfereji ukitiririka ovyo, na siku atakapojenga nyumba yake, atauliza mchanga umetoka wapi.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema!