Vidonge vya mbwa si biskuti

Mbwa wa ulinzi akizeeka, maungio ya nyonga na magoti hukakamaa, akaanza kuchechemea. Mwenye ghala hutafuta dawa. Hapo ndipo mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Malaba anapoona soko la makopo ya virutubisho vya maungio. Si vibaya kulitumikia soko hilo. Kosa ni kuuza makopo hayo kama dawa iliyothibitishwa, au kama biskuti isiyoweza kudhuru.

Makopo mengi huwa na glukosamini, ambayo mara nyingi hutolewa kwenye maganda ya kaa na kamba wa baharini, pamoja na kondroitini itokanayo na gegedu za wanyama. Mbwa wengi huvumilia vitu hivyo. Baadhi hutapika au kuharisha. Lakini matokeo ya utafiti kuhusu nafuu yake yanapingana. Hata huko Marekani, virutubisho hivi havipitii idhini ya mamlaka ya FDA kabla ya kuuzwa kama dawa zinavyopitia. Kopo linalojigamba kuwa limeidhinishwa na FDA ni la kutiliwa shaka.

Hatari nyingine ni kipimo. Vidonge vya kutafuna hutiwa ladha ya nyama, na mbwa akilifikia kopo anaweza kulimaliza. Wapo pia wanaompa mbwa kirutubisho cha binadamu. Baadhi ya hivyo vina zailitoli, kitia utamu ambacho kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Vingine vina vitamini D, ambayo ikizidi huharibu figo. Wala ibuprofeni ya binadamu si mbadala: huweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Ndiyo maana kufungua kopo kubwa na kugawa vidonge katika vifuko ni kosa. Lebo ikibaki upande mmoja wa mpaka na kidonge kikavuka, mnunuzi hajui kilichomo, kipimo kwa uzito wa mbwa, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbwa akianguka, daktari wa mifugo hana pa kuanzia.

Mchuuzi atasema wateja wake hawamudu kopo zima. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake ni makopo madogo yaliyofungwa kiwandani. Mamlaka za nchi za Jumuiya nazo ziafikiane juu ya lebo moja ya Kiswahili inayotambulika pande zote za mpaka. Soko la Pamoja lililoanza mwaka 2010 litakuwa na maana zaidi mnunuzi wa Kampala akiamini kopo lililotoka Arusha.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kidonge bila lebo nacho hupoteza mbwa kwanza, kisha mteja.