Tuwaache watoto mahututi walale

Ndugu msomaji, ukiingia katika wodi za watoto za hospitali zetu nyingi saa 6 usiku, utakuta taa zote zinawaka, simu zinaita, watu wanazungumza kwa sauti ya sokoni na toroli la dawa linapita likigongagonga. Waliozoea hawaoni ubaya. Husema, "Si yuko kitandani? Akichoka atalala." Kwa maoni yangu hilo si sahihi. Usingizi wa mtoto mahututi ni sehemu ya matibabu yake, na anayeukatiza bila sababu anayarudisha nyuma matibabu hayo.

Tuanze na kiasi. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walieleza kuwa mtoto wa miezi 4 hadi 12 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, wa mchana ukiwemo. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14, wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13, na wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12. Hayo ni mahitaji ya mtoto mwenye afya. Je, huyu ambaye mwili wake unapambana na ugonjwa mkali ahitaji kidogo zaidi?

Katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na kinga ya mwili nayo hupata nguvu kwa kulala. Mtoto anayeamshwa kila mara huwa mkali na maumivu humzidi. Wapo wanaofikia kuchanganyikiwa: anaweweseka, hamtambui mama yake, anang'oa dripu, au anazubaa tu macho wazi. Hapo ndugu wengine hukimbilia kusema ni jini. Jambo la kwanza ni kumwita muuguzi au tabibu, kwa sababu hali hiyo yaweza kutokana na ugonjwa wenyewe, kushuka kwa sukari, dawa, au kukosa usingizi, na kila kimoja kina tiba yake.

Wapo wanaouliza, "Kwa nini asichomwe sindano ya usingizi?" Ndugu yangu, kulazwa na dawa si sawa na kulala. Dawa kama midazolamu humtuliza mtoto, lakini usingizi wake si ule wa kawaida, na zikitumika sana huongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi, Society of Critical Care Medicine, unahimiza dawa hizo zipunguzwe kadiri inavyowezekana, usingizi ulindwe, na wazazi wawe karibu na mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ndani ya wodi usiku isizidi desibeli 30 kwa wastani, na mshindo wa ghafla usizidi 40. Mazungumzo ya kawaida tu ya watu wawili hukaribia 60. Mwanga nao una hukumu yake. Ubongo hutoa homoni ya usingizi, melatonini, wakati wa giza, na taa kali huizuia.

Najua jibu litakalotolewa: wodi zimejaa, watoto wawili hulala kitanda kimoja, na muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Ni kweli. Lakini kuzima taa kubwa na kubakiza ndogo hakuhitaji bajeti. Kuunganisha kazi, yaani kupima joto, kutoa dawa na kubadili nguo kwa mkupuo mmoja badala ya kumwamsha mtoto mara tatu, hupunguza hata kazi ya muuguzi. Kutibu maumivu kabla ya usiku na kufungua mapazia asubuhi ili mtoto ajue mchana na usiku, yote hayo yamo ndani ya uwezo wetu.

Hapa lazima nitoe tahadhari. Si kila mtoto aliyefumba macho amelala. Mwenye malaria kali au homa ya uti wa mgongo akilegea na asiamke anapoitwa, hiyo ni dalili ya hatari. Ita mhudumu papo hapo. Sindano ya artesunate hutolewa mtoto anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, kisha saa 24, na haisubiri asubuhi. Mwenye utapiamlo mkali hunyweshwa maziwa maalumu kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, kwani sukari yake hushuka haraka. Basi usimzuie muuguzi kwa hoja ya usingizi, wala usizime kengele ya mashine. Tunachokataa ni usumbufu usio na faida.

Nasi ndugu wa wagonjwa tujitazame. Tulifundishwa madrasa kuwa adabu ya kumzuru mgonjwa ni kufupisha. Leo watu kumi huzunguka kitanda kimoja, kila mmoja anataka mtoto aamshwe amsalimie. Wengine huweka kisomo kwenye simu kwa sauti ya juu usiku kucha. Kisomo ni kheri, lakini kitanda cha pili yupo mtoto wa mwenzio anayetafuta usingizi. Msomee wako kwa sauti ya chini, sikioni mwake, na inatosha. Abaki mama, au yule aliyemzoea, amshike mkono. Sauti hiyo humtuliza kuliko umati.

Kwa viongozi wa misikiti na kina mama wanaopeleka sadaka hospitali, nina ombi. Pamoja na sabuni na maziwa, pelekeni mapazia mazito na taa ndogo za usiku, na wazuruni wagonjwa mchana. Na kwa wakuu wa wodi: tangazeni saa za utulivu, tuseme kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, na wa kwanza kuzifuata wawe watumishi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu wote. Amin.