Beta-karotini: mboga tunazo, vidonge vya nini?

Wadau, leo nataka tuzungumzie beta-karotini. Jina linatisha kidogo lakini kitu chenyewe mnakijua tangu utotoni. Ni ile rangi ya karoti, ya boga, ya embe bivu, ni ule wekundu wa mawese ya Kigoma ambao ukidondokea shati jeupe ndiyo basi tena. Mjerumani mmoja aitwaye Heinrich Wackenroder aliitoa kwenye karoti mwaka 1831, na jina la karoti likabaki humo humo. Mwili wetu unaikata na kuigeuza vitamini A, na unafanya hivyo kwa kadiri unavyohitaji.

Vilevile ni antioksidanti, na hapo ndipo biashara ilipoanzia. Mwili unapochoma chakula kupata nguvu, au unapovuta moshi, zinazaliwa chembechembe haribifu zinazorukia kuta za seli na hata vinasaba. Antioksidanti ni kitu kinachozituliza hizo chembechembe kabla hazijaharibu. Mpaka hapo hakuna uongo. Ni sayansi ya kawaida kabisa.

Uongo unaanza pale mtu anapokujia ofisini na begi, au kukutumia ujumbe kwenye WhatsApp, akikuambia kwamba kwa kuwa antioksidanti ni nzuri, basi kidonge chenye antioksidanti nyingi ni kizuri zaidi, na kwamba kinafaa hasa kwa mvuta sigara kwa sababu "kinasafisha mapafu". Mjomba wangu ameuziwa maneno hayo pamoja na kichupa. Anavuta sigara tangu ujana wake, na alikuwa ameanza kupunguza kidogo kidogo baada ya kusumbuliwa na shangazi kwa miaka. Sasa anameza kidonge asubuhi na anavuta kwa amani. Ukimgusa anakujibu, "Mimi najikinga, wewe mwandishi unajikinga na nini?"

Basi ngoja nimjibu hapa hapa, maana ana simu ya kisasa na atasoma.

Wazo kwamba beta-karotini inaweza kuzuia saratani halikuwa la kijinga. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza, akiwemo Richard Doll, yule yule aliyekuwa mmoja wa waliothibitisha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, pamoja na Richard Peto na wenzao, waliandika wakiuliza kama beta-karotini ya kwenye chakula inaweza kupunguza saratani. Sababu yao ilikuwa wazi: watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi walionekana kuugua saratani kidogo kuliko wengine. Wao waliuliza tu, wakataka ipimwe.

Ikapimwa. Kule Finland walichukuliwa wanaume 29,133, wote wavuta sigara, wa umri wa miaka 50 hadi 69. Wengine walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, wengine vidonge visivyo na kitu, na hakuna aliyejua anameza kipi. Wakafuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Kiasi cha beta-karotini katika damu ya wale waliomeza kilipanda zaidi ya mara 10. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, wengi hawakuamini macho yao: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza.

Zaidi, jamani. Siyo pungufu.

Wapo waliosema labda ni bahati mbaya. Lakini wakati huo huo Marekani kulikuwa na utafiti mwingine wa watu 18,314, wavuta sigara, walioacha, na wafanyakazi waliokuwa wamevuta vumbi la asbesto kazini. Hao walipewa miligramu 30 za beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu waliokuwa wanameza vidonge walikuwa wanapata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo vyao kwa jumla vilikuwa juu kwa asilimia 17. Mwaka huo huo yakatoka matokeo ya madaktari wa Marekani zaidi ya 22,000 waliofuatiliwa kwa miaka kama 12. Wengi wao hawakuwa wavuta sigara. Kwao vidonge havikudhuru na havikusaidia. Pesa ya bure. Mwaka 2022 jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu kinga ya magonjwa likarudia kusema wazi: beta-karotini ya vidonge isitumike kuzuia saratani wala magonjwa ya moyo.

Sasa mtu atauliza, mbona wala mboga walikuwa na afya? Kwanza, mtu anayekula mboga kwa wingi mara nyingi havuti, anatembea, na hashindi kwenye chipsi. Beta-karotini katika damu yake ni kama vumbi kwenye viatu vya msafiri: inaonyesha alikopita, siyo kwamba vumbi ndilo lililomfikisha. Pili, mchicha hauna beta-karotini peke yake. Una nyuzinyuzi, folati, madini na mamia ya vitu vingine vinavyofanya kazi pamoja. Kidonge kimechomoa mmoja kati ya wachezaji, kikamkuza mara nyingi, kikamwingiza uwanjani peke yake, tena kwenye pafu lililojaa moshi. Humo, wanaeleza watafiti, beta-karotini nyingi huweza yenyewe kuharibika na kugeuka mharibifu.

Haya, chakula. Hapa ndipo ninapopenda, maana bibi zetu walikuwa mbele ya maabara.

Beta-karotini iko kwenye matembele, mchicha, kisamvu na majani ya maboga, ingawa huioni kwa sababu ukijani umeifunika. Tatizo ni kwamba imefungiwa ndani ya seli za jani na haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Ukitafuna jani bichi unaambulia kidogo sana. Sasa fikiria kisamvu kinavyopikwa: kinatwangwa, kinachemshwa kwa muda mrefu, kisha kinaungwa kwa karanga au tui la nazi. Kutwanga kunapasua seli, kuchemsha kunalainisha (na kunatoa ile sumu ya muhogo), na mafuta ya karanga yanaibeba beta-karotini mpaka kwenye damu. Hakuna aliyesomea kemia pale jikoni, lakini kila hatua ina kazi yake. Mboga za kuchemsha bila tone la mafuta, ambazo siku hizi watu wa diet wanajivunia, zinapoteza nusu ya maana yake kwa upande huu.

Embe na papai ni rahisi zaidi, mwili unaipata humo bila shida kama ilivyo kwenye majani. Mawese nayo ni tajiri sana, ila ukiyachoma mpaka wekundu upotee umechoma na beta-karotini yenyewe, na yasimwagwe kama maji maana karibu nusu yake ni mafuta yale ya kugandisha. Mboga za kukausha zikaushwe kivulini, jua kali linaimaliza.

Halafu kuna viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya karoti. Kiazi cheupe tulichozoea karibu hakina kitu upande huu, wakati kimoja kidogo cha rangi kinamtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watu wanne kwa kazi hiyo ya kuongeza virutubisho kwenye mazao, na mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga. Mwafrika mwenzetu ameshinda tuzo kubwa kwa kiazi, na mimi sikumbuki kuona picha yake ukurasa wa mbele. Kurasa za afya za magazeti yetu zilikuwa zinamhoji nani? Muuza vichupa. Nasema haya nikiwa ndani ya hii kazi: makala ya "mtaalamu wa tiba lishe" yenye namba yake ya simu mwishoni ni tangazo, na tangazo lilipiwe, lipigwe fremu, lisivae nguo za habari.

Mjomba, kama umefika hapa: kichupa chako nimekisoma chote. Kimeandikwa kihifadhiwe mahali pakavu, mbali na watoto. Kuhusu wavuta sigara hakuna neno hata moja. Nilimpigia aliyekuuzia, akasema lebo inachapwa huko huko nje, yeye hahusiki. Kiweke kando, na ile safari yako ya kupunguza sigara uliyokuwa umeianza uiendeleze, shangazi atakusaidia.

Na nyie akina mama, msije mkanichanganya. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano kliniki ni kitu kingine kabisa. Hayo yanawakinga na upofu, na yanapunguza vifo. Wapelekeni.